Juisi ya Ndizi Mbele ya Baraza la Rufaa

Evangelina, mpwa wangu mchomeleaji wa Mabira, alibuni mashine ya kukamua juisi ya ndizi mbivu, yenye meno ya chuma badala ya majani ambayo kwetu hukandwa pamoja na ndizi kwa mikono ili zitoe juisi. Mkaguzi wa hataza akamnyima hati ya kulinda ubunifu wake, eti ni mashine ya machungwa tu. Binti akalia siku mbili.

"Futa kamasi," nikamwambia. Mimi niliyeishia darasa la tano niliwasaka wote waliokataliwa na bwana yule, nikapata kumi na mmoja. Wanne tu walikata rufaa, na wote wanne walishinda!

"Basi nakata, mjomba. Na ndizi nitambebea."

Mbele ya baraza la rufaa akamkabidhi mkaguzi ndizi mbivu na mashine ya machungwa. "Shikamoo baba. Kamua."

Akakamua mpaka tai ikalowa jasho. Ukatoka uji mzito, juisi hata tone. Ndizi bila majani huteleza tu, kila mtoto wa Karagwe anajua. Evangelina akazungusha mpini wa mashine yake, juisi ikamiminika.

Hati akapewa. Wajumbe wakanywa, mkaguzi naye akanyoosha glasi.

"Hapana, baba," Evangelina akasema. "Wewe maliza uji wako."