Chumba Kikubwa cha Mwenye Nyumba

Nyumbani kwetu kulikuwa na kompyuta moja na wabishi wawili. Baba alikuwa mchora ramani za nyumba, na programu yake ilikubali mfumo endeshi wa zamani tu. Mama ni fundi cherehani, na nakshi za mashine yake ya kudarizi zilitaka mfumo mpya. Mafahali wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo baba akamwita fundi kompyuta aigawe diski, kila mmoja awe na upande wake.

Siku hiyo mama alikuwa chumba cha mbele akimpima mteja kiuno, hivyo mgawanyo hakuuona. Alipomaliza, baba alimpokea mlangoni, kifua mbele.

"Tayari, mama watoto. Mimi mwenye nyumba nimechukua chumba kikubwa. Wewe utabanana hukohuko."

"Makubwa! Uchoyo mpaka kwenye kompyuta?"

Jina la Mwenye Nyumba likamganda. Kila asubuhi ikiwashwa, kioo cha kompyuta kilileta mistari miwili ya maandishi, uchague upande, na vita vilianzia hapo. Mama akidarizi, baba alisimama nyuma yake akikohoa kikohozi cha uongo. Baba akichora, mama alipitisha gauni zima mbele ya kioo, eti anatafuta mwanga. Leo nakitamani sana kikohozi kile.

Halafu baba alikuwa na kituko kimoja. Akishamkabidhi mteja ramani yake, aliifuta kwenye kompyuta papo hapo. Mama alikuwa akimcheka: "Wewe mwenye chumba kikubwa, kila siku unafagia nini?"

"Usafi, mama watoto. Usafi ni tabia."

Baba alipofariki, upande wake haukufunguliwa tena. Mama aliendelea na wake, kazi zikamiminika, mpaka juzi kompyuta ikagoma kupokea nakshi mpya. Imejaa, na wateja wa sare wanasubiri. Nikamshauri tuufute upande wa baba. Alininunia kutwa nzima. Mwishowe akakubali, shingo upande.

Akaja fundi yuleyule, sasa ana mvi. Mama akasimama nyuma yake, futi ya kupimia shingoni.

"Futa upesi, mwanangu, kabla sijageuza mawazo."

Fundi akafungua picha inayoonyesha diski ilivyogawanywa: kipande kirefu, na kingine kifupi pembeni.

"Hicho kirefu ndicho cha marehemu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Hicho ni chako. Cha mzee ni haka kadogo. Hata nikikafuta, hutapata nafasi ya maana. Bora ununue diski nyingine."

"Basi ulikosea kugawa!"

"Sikukosea. Mzee mwenyewe aliniambia, mama watoto ana kazi nyingi, mpe nafasi, mimi kakona kananitosha. Akanikataza nisikwambie. Alisema ukijua utagoma, na yeye raha ya kukutania itamwishia."

Mama akavuta kiti akakaa. Mimi nikazikumbuka ramani zote zile alizozifuta kwa kukosa pa kuziweka, huku sisi tukimcheka, na machozi yakanitoka. Mama hakulia. Aliuondoa mkono wa fundi kwenye kibodi, taratibu.

"Usikafute," akasema. "Kumbe mwenye nyumba ni mimi. Na mimi mpangaji wangu simtoi."