Nilivyoichambua Filamu Kinyumenyume

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka, lakini hadi leo nikikaribia ukumbi wa parokia navuka barabara nipite upande wa wauza mawese, maana mle ndani nilijiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe na kipaza sauti nimekishika.

Nafundisha fasihi kwenye lise moja, yaani shule ya sekondari, hapa Rumonge (nilikulia kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kina majivuno kidogo, nakiri). Vijana wa kikundi cha filamu walitengeneza filamu yao fupi ya kwanza ufukweni Kigwena, wakaniomba niichambue siku ya kuionyesha, nami nikakubali kabla hawajamaliza kuomba. Sababu ni Yolande, mchumba wangu. Baba yake alishafariki, na baba yake mkubwa, mzee wa hukohuko Kigwena ambaye sikuwahi kumwona, ndiye angesema ndiyo au hapana siku ya posa, na siku hiyo ilikuwa inakaribia. Yolande aliniambia mzee atakuja kunisikiliza. Basi nikataka asikie kichwa kilivyojaa.

Vijana walinitumia filamu kwa simu, vipande vitatu, na kwa mtandao wetu huu vikafunguka vilivyotaka. Nikaviangalia hivyohivyo, sikuuliza mtu. Kwanza nikaona msichana analia nyumbani, mama yake anamfuta machozi. Kisha mzee mwenye kofia pana anamkokota msichana yuleyule ufukweni na kuitupa ndoo yake ikapasuka. Mwisho msichana anachota maji, ziwa limetulia, na kiboko anatoa kichwa kwenye matete. Nilishindwa kukaa, nikazunguka chumba kizima. Nadharia ya masimulizi inasema hadithi huanza na utulivu, utulivu ukavurugika, mtu akahangaika, ukaja utulivu mpya, na hawa vijana wameanza na machozi na kumaliza na utulivu! Wamevunja mpangilio kwa makusudi, nikasema, hawa ni wasanii.

Siku yenyewe jenereta ikachelewa, watu wakaanza kunung'unika, na mimi miguu haitulii. Ningesubiri tu. Lakini nilimwona Yolande nyuma anatabasamu, nikashika kipaza sauti nikasema ngoja niwafungue macho kabla filamu haijaanza.

Nikafungua kweli. Nikamtaja shujaa, ambaye ni msichana. Nikaeleza kwamba kiboko si kiboko, ni dhamiri inayoibuka kutoka chini (watu wa ziwani hao, wanawajua viboko tangu utoto, wakatazamana). Halafu nikamgeukia mpinzani, yule mzee wa kofia. "Hata sura yake tu," nikasema, "inaonyesha mtu asiye na huruma, mtu anayefurahia kuliza watoto." Fiston, kiongozi wa vijana, alikuwa ananipungia mikono kando ya projekta, nami nikadhani ananipongeza, nikaongeza sauti. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye koti la kijivu, aliweka mguu juu ya mguu akaniangalia bila kupepesa macho.

Jenereta ikawaka.

Filamu ikaanza na msichana anachota maji. Kiboko akatoa kichwa. Msichana hakumwona, mzee wa kofia akamwona, akakimbia, akamkokota, ndoo ikaruka, akamwokoa. Kisha msichana nyumbani, machozi ya woga, na mama yake. Ni hivyo tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtoto wa shule angeielewa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki natafuta mlango kwa macho, nasimama, nakaa, nasimama tena, jasho linashuka mgongoni, na kila kiboko alipoonekana kuna mtu gizani alisema taratibu, "Dhamiri ile inakuja," na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Taa zilipowaka yule wa koti la kijivu akasimama.

"Amahoro, Mwalimu. Ule muzee wa sura mubaya ni mimi." Akangoja kicheko kiishe. "Ningemuacha mutoto kiboko imuue, ndiyo ningekuwa na huruma?"

Nikasikia Yolande nyuma anasema, "Baba mukubwa?" (hata yeye mzee alimficha kwamba ameigiza), ndipo nikajua nimemtukana nani.

"Na mu hadithi yako ya kuoa," mzee akaendelea, "mimi niko nani? Musaidizi ao mupinzani?"

"Baba," nikasema, "sijafika mwisho."

"Basi angalia kwanza. Utasema kiisha."

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Siku ya posa nilikaa kimya kabisa, wasemaji wakasema yao, wakabishana, wakacheka, mimi mikono katikati ya magoti, sithubutu hata kukohoa, kila mzee akinitazama nahesabu nimekwisha. Yolande hakuniangalia hata mara moja. Mwishowe baba mkubwa akaipokea bia iliyoletwa na watu wetu, akainywa, ndiyo kusema amekubali, akampa ndugu yake, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, filamu imeisha. Sasa sema."

Na mimi, mwenye nadharia zangu zote, niliweza kushukuru tu, "Murakoze, Baba," basi, machozi yakanitoka mbele ya wakwe. Siku hizi nikialikwa kuchambua filamu nakaa nyuma kabisa, na sifungui mdomo mpaka majina ya mwisho yapite.