Mrija wa Pili

Jumapili ile ya mwisho baba alikaa na rafiki yake Karoli kwenye benchi letu kijijini Kagarama, katikati yao chungu kimoja cha pombe ya mtama na mirija miwili. Wote walikuwa madereva wa malori, na wakikutana walizungumza Kiswahili cha safari zao. Baba aliinama akaonja. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni anywe bila hofu.

"Haiko na sumu," alisema.

"Hata ingekuwa nayo, ningekunywa tu," Karoli akajibu. "Iko tamu sana."

Walicheka. Mimi, mtoto wake wa pekee, nilizunguka benchi na gauni langu la njano mpaka nikaona kizunguzungu. Katika kumbukumbu zangu jua la siku ile halijazama. Liko palepale juu ya paa, na baba bado anacheka.

Wiki haikuisha, wakaja wale waliokuwa wakiwaua watu wa kabila letu.

Baba alinisukuma nje kwa mlango wa nyuma. Nikaingia kwenye mtama.

Nilimsikia akiita, "Karoli." Mara moja tu.

Mabua yakafunguka. Karoli alikuwa na panga. Aliliona gauni la njano.

"Huku hakuna mtu," aliwaambia wenzake.

Wakaondoka na baba.

Miaka mingi nilimchukia mtu ambaye, bila yeye, nisingekuwapo wa kumchukia. Inachosha sana chuki ya namna hiyo. Padri aliposema tupatane na ndugu zetu kabla ya kupeleka sadaka madhabahuni, nilibaki kitini na sadaka yangu mkononi. Ndugu gani? Nilijiuliza hivyo kila Jumapili, na hasira yangu niliipenda.

Karoli alipotoka gerezani, alikofungwa kwa mauaji yale, alikuja mpaka langoni kwangu. Alikuwa amezeeka, na hakuniangalia usoni.

"Mama, muzee wako iko kule chini, karibu na mufereji," alisema. "Ndasaba imbabazi, naomba musamaha. Lakini hata ukikataa kunisamehe, nitakuonyesha."

Tulichimba. Nilimtambua baba kwa mkanda wake wa safari, kisha nikamzika karibu na kanisa, nikalia kama yule mtoto wa kwenye mtama.

Siku ya kumaliza msiba majirani walijaa uani, chungu kikawekwa mbele yangu. Mwenye nyumba sasa ni mimi. Karoli alisimama nje ya lango, kofia mkononi, na hakuna aliyemkaribisha. Wote walikuwa wakinisubiri mimi. Kwa muda nikaliona lile jua la zamani, nikasikia kicheko cha baba waziwazi, hata nikageuka kumtafuta. Hakuwapo.

Nikabeba chungu mpaka kwenye benchi. Si lile la zamani. Lile liliishia kuwa kuni jikoni kwa watu. Nikaketi, nikainama, nikaonja. Ilikuwa chachu kidogo.

"Karoli, karibu," nilisema. "Haiko na sumu."

Alikuja polepole. Akaketi upande wa pili, akaushika mrija wa pili, akanywa. Machozi yakamtoka. Sikumfuta. Nilikuwa nimemsamehe, lakini mkono wangu ulikuwa haujafika huko.

Tulikaa hivyo mpaka pombe ikaisha. Kati yetu ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna kati yetu aliyeisogelea.