Njia Kati ya Kuta Zilizozama

Watu wanaotoka Bujumbura kuja kutembea Rumonge siku ya Jumapili hupenda kuingia ziwani wakiwa wanacheka, na Hakimu hakuwakataza kucheka. Alichokataza ni kusimama. "Kaa, mama, boti si harusi," alikuwa akisema, kisha anamfunga kila abiria jile, ile fulana ya kuelea, kwa mkono wake mwenyewe, hata awe mkubwa wa namna gani. Kabla ya kuwasha injini alitazama kusini, kwa sababu upepo mbaya wa pale mara nyingi hutoka huko. Akiona mawimbi ya mbali yameanza kuwa meupe vichwani, aliwaambia wageni wakale samaki kwanza, na wakikasirika aliwaacha wakasirike. Kwa kazi hiyo ya kutembeza watu, yeye na mkewe Tahira walimlea binti yao Kaoutar, na mtaa mzima ukamwita Baba Kaoutar.

Kwenda ziwani hakukumsumbua. Taabu ilikuwa kurudi.

Maji ya Tanganyika yalipopanda, yalimeza nyumba zilizokuwa karibu na ufuko. Wenyewe walihama na mabati yao, kuta zikabaki chini ya maji, nyingine zikiwa na vyuma vilivyosimama kama mikuki. Mtumbwi wa mvuvi hupita juu yake bila habari. Boti yenye injini haipiti. Palibaki njia moja tu, nayo ilikuwa barabara ya zamani ya mtaa, nyembamba, kuta huku na huku, yote imefunikwa na maji ya matope. Kwa macho huwezi kuiona. Hakimu aliipata kwa alama mbili. Karibu na maji ulisimama mchikichi mrefu. Mbali nyuma yake, mnara wa msikiti. Akitoka ziwani aliielekeza boti mpaka mchikichi uupasue mnara katikati. Mnara ukichungulia kulia, basi yeye ndiye aliyepotea kulia, arudi kushoto. Ukichungulia kushoto, arudi kulia. Hakuwa na siri nyingine zaidi ya hiyo.

Mchikichi ulikuwa wa Speciosa, mjane anayeuza mawese sokoni. Siku Hakimu aliposikia kwamba unakatwa, alipanda mpaka kwake.

"Amahoro, mama Speciosa."

"Amahoro, Baba Kaoutar. Umekuja kuaga muti wako?"

"Nimekuja kuuombea."

"Ombea na jiko langu basi. Angalia! Mvua ikinyesha tu, unainama tena. Wewe unauangalia toka huko majini, mimi napika chini yake."

"Subiri hata kiangazi."

"Na ukiniangukia mbele ya kiangazi? Utapitisha boti juu ya kaburi langu?"

Hakimu alicheka, akatazama juu. Mti ulikuwa umezeeka kweli. Mikungu yake ilikuwa ya kuhurumiwa, na hakuna mpandaji aliyekubali tena kuupanda. Jiko lile lingekuwa lake, naye angeukata.

Ulikatwa, ukaanguka vizuri upande wa uani, na Speciosa akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimruhusu Hakimu achimbe pale pale penye kisiki na kusimika mlingoti wa mkaratusi. Mlingoti mtupu haukuonekana kutoka mbali. Ulipotea kati ya nguzo za umeme na kamba za kuanikia nguo. Hakimu akafunga juu yake kidumu cha manjano. Akatoka na boti peke yake ziwa likiwa limetulia, akapima kina kwa kasia huku na huku, akarudi kusogeza mlingoti kidogo, akatoka tena. Kidumu na mnara vilipatana. Usiku ule Tahira alimsikia akikoroma, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu mti uanguke.

Jumapili iliyofuata alikuja kijana aitwaye Baraka na rafiki zake, wakisherehekea siku ya kuzaliwa. Hakimu aliwapeleka hadi mbele ya msitu wa Kigwena, wakapiga picha, wakaimba. Walipokuwa wakirudi, upepo uliamka, mawimbi yakaanza kuisukuma boti kuelekea nchi kavu. Hakimu akautafuta mnara, akauona. Akatafuta kidumu.

Hakikuwepo.

Alitazama tena, mkono juu ya macho. Akapunguza moto wa injini, akageuza pua ya boti kuelekea mawimbi, akashusha nanga.

"Nahodha, mbona tunasimama? Nchi iko pale!" Baraka alisema.

"Nchi naiona. Njia siioni."

"Enda polepole tu, muzee. Hata mimi ningetufikisha."

"Chuma kilicho chini hakiulizi mwendo, kijana wangu."

Mmoja wao alikuwa tayari ametoa simu anarekodi. "Tazameni nahodha anayeogopa maji!" Wote wakacheka, na Hakimu akawaacha wacheke. Angekuwa peke yake kwenye maji tulivu, angepapasa njia kwa kasia. Katika mawimbi yale, na watu ndani, hapana. Alimpungia mkono Maneno, mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi wake, na Maneno akawabeba wawili wawili, jile zikiwa zimefungwa. Mmoja alipoteza kiatu. Hakuna aliyepoteza kingine.

Hakimu alibaki kwenye boti mpaka Maneno alipomfuata. "Shuka, mukubwa. Boti hailii ukiiacha."

Aliachia kamba yote ya nanga, kama inavyotakiwa upepo ukizidi, akashuka. Hakuweza kutia nanga nje zaidi, kwa kuwa huko ziwa lina kina ambacho kamba yake isingekifikia; lakini pale alipoitia palikuwa ukingoni mwa nyumba zilizozama. Usiku kucha vyuma viliisaga kamba. Asubuhi boti ilikuwa imelalia ukuta, tumbo limetobolewa, injini imekunywa maji.

Speciosa alimkuta amesimama ufukoni. Mama huyo alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani, kama mtu anayekwenda msibani.

"Ni mimi niliyekitoa kidumu," alisema. "Jana bomba lilitoa maji. Tulikuwa tumekaa kavu mpaka tumezoea. Kila mutu anakimbia na chombo, mimi sina. Nikasema, nateka mara moja, nakirudisha kabla hajafika. Foleni ikawa ndefu."

Hakimu alimgeukia.

"Ulipata?"

"Nilipata. Bomba likakauka nyuma yangu."

"Basi, vizuri," alisema Hakimu, na hakuwa akimkejeli.

Maneno alikuwa ameshaanza kung'oa mbao za boti zilizobaki nzima. Hakimu akakunja suruali, akaingia majini, akashika upande wa pili.