Ng'ombe Alilipwa, Mimi Sikulipwa

Pikapu moja, magunia kumi na nane ya dagaa, na majaruba mawili ya mpunga ya mama yako. Hiyo ndiyo bei ya punguzo nililopewa kwenye bima. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika.

Mwanangu, jana ulinipigia simu unacheka. "Shikamoo baba! Bima ya gari nimeshakata. Nimembana wakala mpaka kashuka nusu!" Marahaba niliitikia, lakini tonge nikalirudisha sahanini. Kicheko kile nakijua. Ni changu.

Nakumbuka asubuhi niliyokicheka, pale Nyakato, nikiwa na umri wako. Nilikuwa napokea dagaa wanaoshuka kutoka Nansio na kuwapeleka Magu. Pikapu tuliipata kwa sababu mama yako aliuza majaruba aliyoachiwa na bibi yake. Siku tulipoileta nyumbani aliishika boneti akasema, "Hili ndilo shamba langu sasa. Lina matairi tu."

Basi nikaenda kwa wakala. Akanitajia bei ya bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Mimi, mwanangu, hata kiberiti sijawahi kukinunua kwa bei ya kwanza. Nikaguna. Nikatembea taratibu mpaka mlangoni, kama tufanyavyo kwa wauza samaki, nikisubiri kuitwa. Akaita.

"Rudi basi, bosi. Una ngapi?"

Nikataja robo ya bei yake.

"Umeniua," akasema, huku kalamu inaandika. "Haya chukua, ila usimwambie mtu."

Usimwambie mtu! Nilimwambia kila mtu. Stika nikaibandika kwenye kioo, nikaitembeza mji mzima kama nishani. Karatasi yenyewe ya bima sikuisoma. Muuza samaki akikushushia bei, samaki ni yuleyule, unamwona na mkia wake. Bima huioni. Ukiishusha bei, wanakata mkia, wanakata na kichwa, wewe unaondoka na magamba.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Jioni moja nimeipita Kisesa, karibu na njia ya kwenda Bujora, ng'ombe wanavuka. Mchungaji kaninyooshea fimbo, nikasimama. Nikaona wameisha, nikakanyaga mafuta. Alikuwa amebaki mmoja, dume. Alikufa palepale. Pikapu ikalala mtaroni matairi juu, imepondeka paa hadi injini. Mimi Mungu alinitoa na mikwaruzo tu. Dagaa walitapakaa barabarani, na watu wakanipa pole nyingi huku wanachota kwenye ndoo.

Mwenye ng'ombe, Mzee Masanja, akaniuliza, "Kijana, una bima?"

"Kubwa!" nikamjibu kwa majivuno, gari likiwa chali nyuma yangu.

Kesho yake nikaenda kwa wakala. Akaifungua karatasi yangu kama mtu anayefunua chungu kitupu.

"Hii ni bima ndogo. Inamlipa uliyemgonga. Gari lako halimo."

"Mbona hukuniambia?"

"Hela uliyotoa ndiyo ya hii. Ulitaka kushinda, nikakuacha ushinde."

Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Aliona kijana anachekelea, akajua anachekelea nini, akanyamaza. Kunyamaza kule mimi nakuita wizi, na hilo silipunguzi hata senti.

Ng'ombe alilipwa. Mzee Masanja, mtu mwema, akaja hadi nyumbani kushukuru. "Bima yako nzuri sana, kijana! Nimepata dume lingine, na chenji imebaki." Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Msimu ule alichukua jembe, akaenda kulima kibarua kwenye majaruba yaliyokuwa yake.

Sasa nisikilize. Patana bei ya sato, patana bei ya matairi, hata mahari patana. Bima usipatane bei, patana maneno. Muulize wakala: gari likiungua, nani analipa? Likiibwa? Nikiligonga mwenyewe? Akuonyeshe kwa kidole palipoandikwa, kisha stika yake uihakiki kwenye simu yako, mbele yake. Bima ndogo si mbaya, sheria inaitaka, na Mzee Masanja alistahili dume lake. Lakini wewe haikujui. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wetu aliujenga mama yako kwa mgongo wake.

Mungu akufikishe kila uendako, na akurudishe na taa zote mbili zinawaka. Na ile laki nne uliyonikopa kununua rimu za kung'aa, naomba unirudishie Jumamosi, yote. Njoo nayo mwenyewe. Tutakwenda pamoja kwa wakala, nitaongezea kilichopungua, tulikatie gari lako bima kubwa kwa bei atakayoitaja. Safari hii sitatembea mpaka mlangoni.