Samli ya Uongo

Nilipoolewa Garsen kutoka Kipini, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuja na chupa mbili: moja ya achari ya embe, nyingine ya mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Siku ya kwanza mama mkwe alionja achari, akaitema mbele ya wageni.

"Watu ya pwani nakula ugonjwa," alisema.

Yeye alikuwa Muorma, mtu wa ng'ombe, na kwake chakula kilikuwa na kiungo kimoja tu, nacho ni samli. Wali usio na samli aliuita chakula cha wafungwa. Nami nilikuwa na kiburi changu. Nilisema moyoni kwamba mtu asiyejua pilipili na ndimu amekula bure miaka yote hiyo. Tuliishi hivyo miaka mitatu, tukidharauliana vinywa, na sasa nakiri kwamba tulipendana.

Kisha mvua zikakosa misimu miwili mfululizo. Mume wangu alipeleka ng'ombe malisho ya mbali, upande wa Ozi, akakaa huko miezi. Alirudi na fimbo peke yake. Wakati huo mama alikuwa kitandani kwa homa, macho yameingia ukungu, mikono imekonda hadi bangili zinadondoka. Mume wangu alinivuta nje ya nyumba.

"Mama asijue," alisema. "Akijua ng'ombe imekwisha, atakufa."

Basi tukamwambia wangali malishoni. Lakini hakula. Nilimpikia wali laini wa mchele uliotoka kwa jirani yetu Mpokomo, nikamsihi, akageuza uso ukutani. Alitaka samli, na samli haikuwepo nyumba yoyote niliyoijua. Siku ya tano nilimwona akilamba midomo yake mikavu, nikaingiwa na hofu.

Nikachukua kile kibuyu chake cha samli, kitupu, bado kinanuka. Nilikifukiza kwa makaa kama alivyonifundisha mwenyewe, nikamimina mafuta yangu ya nazi ya nywele, nikakianika juani siku nzima. Kesho yake nikachanganya na wali moto, nikatia chumvi. Alipofikishiwa tonge mdomoni alilizungusha kwa ulimi. Nilidhani atanitemea.

"Ng'ombe imerudi?" aliuliza.

Ningeweza kusema samli ni ya kuombwa kwa jirani. Sijui kwa nini sikusema.

"Wamerudi, mama."

Alikula sahani yote. Alikula siku iliyofuata, na iliyofuata, akakaa kitako, akaanza kunitania kwamba hata mtu wa pwani amejua kupika. Akagawa ndama: yule mwekundu wa mume wangu, yule mwenye doa kwenye paji la uso, wa mtoto nitakayemzaa. Nilicheka naye. Mume wangu hakuweza kukaa chumbani tulipocheka.

Siku ya sita tangu aanze kula nilikwenda mtoni kuchota maji. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta zizini, amejikokota kwa fimbo yake, ameketi chini katikati. Alikuwa ameshika mavi ya ng'ombe mkononi. Aliyafinya, yakamwagika vumbi. Macho yake hayakuona mbali, ila vidole vyake vilijua mavi ya jana na mavi ya miezi mingi.

"Ngapi imebaki?" aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Na ile samli?"

Nikamwambia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo, kwenye vumbi, mbele ya mwanamke aliyekuwa akitetemeka kwa homa.

Hakupiga kelele. Alijifuta mkono kwa nguo yake.

"Ng'ombe kufa, mimi nimeona mara mingi," alisema. "Mama yangu alifiwa na yote, tukakula majani. Kufa ya ng'ombe naweza. Wewe umenipa furaha ya siku sita. Hiyo siwezi."

Nilimbeba kumrudisha ndani; hakuwa mzito. Tangu hapo hakupokea chakula mkononi mwangu. Yule jirani Mpokomo alimletea wali mkavu, bila samli, bila tui, bila hata chumvi, naye akala kidogo kidogo bila kulalamika, siku tatu, mpaka alipofariki.