Wakili Aliyemgeuza Tusekile Muuguzi

Nakumbuka siku Tusekile aliporudi kutoka Dar es Salaam. Alishuka stendi ya Tukuyu mvua inanyesha, akaniambia kabla hata ya kunisalimia, "Mama mkubwa, wameninyima viza. Wanasema mimi ni mwongo."

Mwanangu, huyo ni binti wa mdogo wangu, fundi cherehani wa Kyimo. Mumewe anafanya kazi ughaibuni, akataka mkewe na mtoto wamfuate. Ndoa yao ni ya kanisani, cheti kipo. Ukweli ulitosha kabisa! Lakini alikwenda kwa bwana mmoja pale mjini, mvaa tai, aliyejiita wakili wa mambo ya safari. Bwana huyo akaona njia ya mke kumfuata mume inachelewa, basi akamwombea viza ya muuguzi anayekwenda kazini, na cheti cha kughushi juu yake. Kila kitu kwa Kiingereza. "Weka sahihi hapa, dada, mengine niachie mimi." Naye akaweka.

Ubalozini wakamuuliza anahudumu wodi gani. Akajibu kwamba yeye hushona magauni. Wakamzuia kuomba tena kwa miaka mingi.

Tulipomfuata yule bwana, alitujibu huku anachezea simu. "Mama, hao wazungu wana roho mbaya tu."

Nikampeleka Tusekile Mbeya kwa wakili wa kweli, mama mmoja mtulivu. Akatafuta jina la yule bwana kwenye orodha ya mawakili, halimo. "Huyu ni kishoka, wakili wa bandia," akasema. "Lakini mkimshtaki peke yenu atasema mnamsingizia. Tafuteni wengine aliowaharibia."

Hapo ndipo watu waliponichosha. Kijiji cha Suma wapo, cha Nkunga wapo, na wote kwangu walilia. Nikiwaambia twende tukaseme, wanatazama chini. Mmoja akanikumbusha kwamba yule bwana ni kijana wetu, alichangia bati za kanisa. Mwingine akasema tumwachie Mungu. Nikamuuliza kama Mungu ndiye atakayepanda gari kwenda kutoa ushahidi. Hata mdogo wangu, mama yake Tusekile, alinitaka ninyamaze tusije tukaaibika. Tuaibike sisi!

Aliyekubali ni Mzee Hamisi, muuza vitenge sokoni, ambaye mwanawe alikamatwa uwanja wa ndege na barua ya kazi ya uongo. "Dada, twende," alisema. "Kila nikifungua duka nakiona kibao cha yule mtu."

Tukaenda polisi, tukasema yote. Ofisi ikafungwa, yule bwana akafikishwa mahakamani. Na wale waliokataa? Walikuja kujaza mabenchi kusikiliza kesi, kisha wakanipa mkono wa pongezi.

Tusekile bado anashona Kyimo. Mumewe hupiga kila Jumapili. Mtoto wao ukimuuliza baba yuko wapi, anakuonyesha simu.

Kwa hiyo, mwanangu unayejiandaa kusafiri, usiweke sahihi kwenye karatasi usiyoielewa. Dai usomewe kwa Kiswahili, hata wakikuona mshamba. Anayejiita wakili, mwulize amesajiliwa wapi, kisha uhakikishe mwenyewe. Wa kweli hatakasirika. Anayekuambia uwe mtu mwingine ili usafiri, ondoka ofisini kwake palepale. Na ukidhulumiwa, sema, hata kama aliyekudhulumu mnaimba naye kwaya moja.

Mungu akufungulie njia, usafiri kwa jina lako mwenyewe, na siku ya kurudi utukute tungali hai tukupokee.